Kabla Hujamjibu Nduguyo Kuhusu Uyoga

Siku hizi swali hili linaingia nyumbani kwa njia nyingi. Binti anayesoma Toronto anamwuliza mama yake aliyeko Morogoro kama kuna ubaya kutumia uyoga wa kuondoa huzuni, maana wenzake chuoni wanautumia. Baba wa watoto watatu aliyetoka Bukavu na kuhamia Colorado anaambiwa na mwenzake kazini kwamba ndoto zake za vita zinaweza kukoma kwa siku moja. Kijana wa Mombasa anakutana na tangazo la vidonge vya kutuliza akili kwenye simu yake, bei imeandikwa kwa dola. Na wewe, ambaye si daktari wala mfamasia, ndiye unayeombwa neno.

Wengi wetu tuna majibu mawili tu. La kwanza: hizo ni dawa za kulevya, koma kabisa, usituletee aibu. La pili: mbona Wamarekani wenyewe wamezipigia kura na kuzikubali? Majibu haya yanapingana, lakini yamezaliwa na mama mmoja. Kila moja linachukua maoni ya watu na kuyaweka mahali pa ushahidi, na mgonjwa anabaki palepale alipokuwa. Nakuomba uwe na jibu la tatu. Ni refu kidogo, na linaanza kwa kumwuliza nduguyo anazungumzia dawa ipi.

Maana zinatajwa kwa pamoja kana kwamba ni kitu kimoja. Silosaibini ni kemikali iliyomo ndani ya aina fulani za uyoga. Akiimeza, mtu hukaa saa nne hadi sita akiona na kuhisi mambo kwa namna isiyo ya kawaida: maruweruwe kwa mmoja, machozi kwa mwingine, hofu nzito kwa wa tatu. LSD ilitengenezwa maabara huko Basel, Uswisi, na Albert Hofmann mwaka 1938, na nguvu zake zikagunduliwa mwaka 1943. MDMA, inayojulikana kwenye kumbi za starehe kama ekstasi, haileti maruweruwe sana. Kazi yake ni kupunguza woga na kumfanya mtu ajisikie karibu na wenzake. Ketamini ni dawa ya chumba cha upasuaji. Ibogaini hutoka kwenye mizizi ya iboga, mmea wa misitu ya Gabon. Kila moja ina kazi yake mwilini na namna yake ya kudhuru. Mtu akikuambia "zile dawa mpya za akili", usitoe ushauri wowote kabla hajakutajia jina.

Sasa hizo kura. Novemba 2020 wapiga kura wa jimbo la Oregon, karibu asilimia 56, walikubali silosaibini itolewe kwenye vituo vyenye leseni. Colorado wakafuata Novemba 2022 kwa karibu asilimia 54. Novemba 2024 Massachusetts wakaulizwa jambo linalofanana na hilo, na karibu asilimia 57 wakalikataa. Mwaka 2023 kituo cha sayansi ya dawa hizi cha Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kiliwahoji wapiga kura 1,500 wa Marekani: asilimia 61 waliunga mkono zitolewe kama tiba, kisheria na chini ya usimamizi, na asilimia 78 walitaka watafiti warahisishiwe kazi ya kuzichunguza. Takwimu hizo mbili ndizo zilizosambaa. Lakini katika mahojiano yaleyale, asilimia 61 walisema hawazioni dawa hizi kuwa jambo jema kwa jamii, na asilimia 69 walisema si kitu cha watu kama wao.

Ukizisoma pamoja, picha inabadilika. Wengi waliosema ndiyo hawakusema kwamba dawa imethibitika, wala kwamba wao wenyewe wangeimeza kesho. Walisema mgonjwa aliyekosa nafuu asifungwe jela kwa kutafuta msaada, na mwanasayansi aachwe afanye kazi yake. Ni maoni ya huruma, na mimi nayaunga mkono. Ila huruma ya mpiga kura haimwambii binti yako aliyeko Toronto kama kidonge alichopewa na mwenzake kitamfaa au kitamharibu.

Hata hiyo Oregon inaeleweka vibaya. Anayekwenda kwenye kituo cha huko hahitaji barua ya daktari. Anatakiwa awe ametimiza miaka 21. Hufanya kikao cha maandalizi, kisha siku ya dozi hulala kwenye kochi, macho yamefunikwa kitambaa, muziki masikioni, na msimamizi mwenye leseni ameketi karibu mpaka nguvu ya dawa iishe. Haruhusiwi kuondoka na uyoga kwenda nao nyumbani. Msimamizi huyo, kwa leseni yake, haruhusiwi kupima ugonjwa wala kutibu. Gharama mara nyingi huvuka dola 1,000, na bima hailipi. Kwa hiyo nduguyo akisema "Oregon wameruhusu kama tiba", mweleze kwamba huduma imeruhusiwa, tena kwa watu wa miaka 21 na zaidi, wagonjwa na wasio wagonjwa. Australia ndiyo iliyokwenda njia ya hospitali: tangu Julai 1, 2023, madaktari bingwa wa magonjwa ya akili waliopewa kibali maalumu wanaweza kuandika MDMA kwa ajili ya kiwewe, na silosaibini kwa sonona iliyoshindikana kwa dawa nyingine. Dawa mbili, magonjwa mawili, basi.

Tuangalie wanasayansi wamepata nini, maana hapa ndipo unapotakiwa kuwa makini kuliko popote. Jaribio kubwa la silosaibini lililochapishwa Novemba 2022 lilihusisha watu 233 wenye sonona sugu. Wiki tatu baada ya dozi moja ya miligramu 25, asilimia 29 walikuwa wametoka kwenye sonona. Kwa waliopewa miligramu 1 tu, ambayo haifanyi chochote cha maana, ilikuwa asilimia 8. Tofauti hiyo si ndogo, na mgonjwa aliyehangaika miaka mingi ana haki ya kuifurahia. Lakini geuza hesabu uione upande wa pili: kati ya kila watu kumi waliopewa dozi kubwa, saba hawakuwa wametoka. Kufikia wiki ya 12, walioendelea kuwa na nafuu walikuwa kama mmoja kati ya watano. Na mwaka mmoja kabla, watafiti wa London walipoilinganisha silosaibini na dawa ya kawaida ya sonona, esitalopramu, kwa wagonjwa 59, kipimo kikuu walichokuwa wamekichagua hakikuonyesha tofauti ya kuaminika kati ya hizo mbili baada ya wiki sita.

MDMA ina hadithi ndefu zaidi. Jaribio la watu 104 lililotoka mwaka 2023 lilionyesha kwamba asilimia 71 ya waliopewa MDMA pamoja na vikao vya mazungumzo na wataalamu hawakuwa tena na dalili za kutosha kuitwa wagonjwa wa kiwewe. Kwa waliopewa kidonge kitupu na vikao vilevile vya mazungumzo, ilikuwa asilimia 48. Magazeti yalishika ile 71. Mimi nakuomba uitazame ile 48 kwa muda mrefu. Karibu nusu ya watu walioishi na kiwewe kikali walipata nafuu kubwa kwa kuketi na mtu aliyefundishwa kusikiliza na kuuliza, kwa saa nyingi, bila dawa yenyewe. Tutalirudia hili tukifika nyumbani.

Juni 4, 2024, jopo la washauri wa mamlaka ya dawa ya Marekani lilipigia kura ushahidi huo. Wajumbe tisa walisema ufanisi haujathibitika, wawili wakasema umethibitika. Walipoulizwa kama faida inazidi hatari, kumi walikataa na mmoja akakubali. Agosti mwaka huohuo mamlaka ikakataa kuipitisha na kuagiza jaribio jingine. Wananchi wengi waliokuwa wakingoja walikasirika. Wakasema urasimu umewanyima wagonjwa dawa. Lakini sababu moja kubwa ya jopo kusita ni rahisi kueleweka na inakuhusu wewe moja kwa moja.

Katika jaribio la dawa, mgonjwa hatakiwi kujua kama amepewa dawa au kidonge kitupu. Ukipima dawa ya presha, hilo linawezekana. Lakini fikiria chumba cha jaribio la MDMA au silosaibini. Saa moja haijaisha vizuri, mmoja tayari anahisi muziki umemwingia mwilini, machozi yanamtoka, anamkumbuka marehemu baba yake kama amekaa naye. Mwingine yuko macho makavu, anatazama dari, anasubiri kitu kisichokuja. Wote wawili wameshajua nani kapata nini. Na wote walikuja wakiwa wamesikia kwa miaka, kwenye filamu na mahojiano, kwamba dawa hii inaokoa maisha. Aliyeipata ana tumaini lililopanda. Aliyeikosa amevunjika moyo. Pengine aliomba likizo na kusafiri mbali kwa ajili ya siku hiyo. Wakijazishwa fomu ya hali ya moyo baada ya wiki kadhaa, sehemu ya tofauti inatokana na dawa, na sehemu inatokana na tumaini la huyu na majonzi ya yule. Kuzitenganisha ni kazi ngumu mno.

Ndiyo kusema kadiri umma unavyozidi kuzisifu dawa hizi, ndivyo inavyozidi kuwa vigumu kujua zinafanya nini hasa. Watafiti wa London walilionyesha hilo mwaka 2021 kwa watu 191 waliokuwa wakimeza vipande vidogo vidogo vya uyoga au LSD ili kuchangamsha akili. Watu hao walijitengenezea vidonge vya kuficha, vingine vina dawa, vingine havina. Waliotumia dawa walijisikia vizuri zaidi. Waliotumia vidonge vitupu nao walijisikia vizuri zaidi, karibu sawasawa. Kwa hiyo ushuhuda wa rafiki, hata akiwa mkweli kabisa, haukutoshi. Ameponywa na nini, hata yeye hajui.

Historia inatufundisha pia kwamba maoni ya watu yanaweza kugeuka kwa kasi na kuumiza pande zote. Mwaka 1957 jarida la Life la Marekani lilichapisha simulizi ya Gordon Wasson, afisa wa benki wa New York, aliyeshiriki ibada ya usiku ya uyoga na mganga wa Kimazateki, María Sabina, katika kijiji cha Huautla de Jiménez huko Oaxaca, Meksiko. Wageni wakamiminika. Kijiji kikavurugika, polisi wakaingia, mama yule akalaumiwa na watu wake, nyumba yake ikachomwa moto. Miaka hiyohiyo madaktari wa Ulaya na Amerika walikuwa wakiwapa wagonjwa LSD, wakiwemo walevi wa kupindukia huko Saskatchewan, Kanada. Kisha upepo ukageuka: mwaka 1971 mkataba wa Umoja wa Mataifa ukaiweka LSD na silosaibini kwenye orodha kali kuliko zote, na utafiti ukalala kwa miongo kadhaa. Shangwe ilizidi, kisha hofu ikazidi, na katikati yake wagonjwa hawakupata jibu.

Basi nduguyo akishakutajia dawa, mwulize anaumwa nini, na nani kampima. Huzuni ya kufiwa, sonona, kiwewe cha vita na wasiwasi uliopitiliza si ugonjwa mmoja. Halafu uliza kuhusu ukoo, na hapa usione haya. Kama yeye, mzazi wake au ndugu wa damu aliwahi kuugua ugonjwa wa kusikia sauti na kuona visivyokuwepo, au ule wa kupanda na kushuka, siku hana usingizi kwa furaha na siku hawezi kuinuka kitandani, silosaibini na LSD si za kujaribu. Majaribio yenyewe huwakataa watu hao mlangoni, kwa sababu dawa inaweza kuamsha ugonjwa uliokuwa umelala. Katika familia zetu habari hizi hufichwa: shangazi "alikuwa na mashetani", babu "alirogwa". Sasa ndio wakati wa kumwambia kijana ukweli, maana daktari wa ugenini atamwuliza na yeye atajibu hakuna, kwa kutojua.

Uliza pia dawa anazotumia. Anayemeza lithiamu yuko kwenye hatari ya degedege akichanganya na silosaibini. Oregon wenyewe humkataa aliyeitumia katika siku 30 zilizopita. Anayetumia vidonge vya kawaida vya sonona akinywa ayawaska, kinywaji cha Amazon ambacho sasa kinaandaliwa kwenye kambi za mapumziko nchi nyingi, anaweza kupata sumu ya kuzidiwa na kemikali ya serotonini mwilini, na hiyo inaweza kuua. Kosa lingine ni lile la kuacha vidonge ghafla ili "kusafisha mwili" kabla ya safari ya uyoga. Wapo wanaorudi chini kabisa katika wiki hizo za kusubiri. Asiache dawa bila aliyeiandika kujua.

Kisha swali la nani atakuwa chumbani. Mtu aliye chini ya dawa hizi ni dhaifu kama mtoto mdogo. Hawezi kujitetea, na MDMA humfanya amwamini kila aliye mbele yake. Mwaka 2015, katika jaribio halali lililofanyika Vancouver, watoa tiba walionekana baadaye kwenye video wakimkumbatia na kumlalia mgonjwa aliyekuwa na historia ya kunyanyaswa. Hilo lilitokea kwenye utafiti wenye kibali na kamera. Sasa fikiria nyumba ya wikendi ya mtu aliyejitangaza mganga mtandaoni. Kabla ya siku yenyewe, mgonjwa na msimamizi wakubaliane kwa maandishi atagusana naye vipi, kama atamgusa, na mtu wa kumwamini awe anajua mahali na saa. Msimamizi anayekataa hilo amekwisha kukujibu.

Kuhusu ibogaini nina neno kwa familia za pwani. Tunajua heroini imefanya nini Tanga, Unguja, Dar es Salaam na Mombasa. Ndiyo maana habari kwamba kuna mzizi wa Kiafrika unaokata arosto kwa siku moja zinagusa moyo. Ni kweli kwamba waumini wa Bwiti nchini Gabon wameitumia iboga katika ibada zao tangu zamani, na kwamba tangu mwaka 1962, kijana wa New York aliyekuwa mtumiaji, Howard Lotsof, alipogundua hamu ya heroini imemtoka baada ya kuimeza, watu wamekuwa wakiitafuta. Mwaka 2025 jimbo la Texas lilitenga dola milioni 50 kuichunguza. Lakini ibogaini huvuruga mapigo ya moyo, na wapo waliokufa nayo. Methadoni nayo, kwa njia yake, hugusa umeme uleule wa moyo. Mtu aliye kwenye methadoni akimeza ibogaini anajiweka kwenye hatari maradufu. Kama mwanao anakwenda kliniki ya methadoni, iwe Muhimbili ambako huduma ilianza mwaka 2011 au kwingineko, msaidie aendelee kwenda kila siku. Dozi ile ya kila siku haina filamu wala sifa, ila ina ushahidi wa miaka mingi nyuma yake.

Ketamini ni tofauti na hizi zote kwa sababu tayari iko hospitalini kwetu. Wengi waliofanyiwa upasuaji katika hospitali za wilaya walilazwa usingizi kwa dawa hiyo. Ndugu yake, esketamini ya kupuliza puani, ilipitishwa Marekani Machi 2019 kwa sonona sugu. Hutolewa kliniki tu, mgonjwa hukaa chini ya uangalizi angalau saa mbili, na haruhusiwi kuendesha gari mpaka kesho yake baada ya kulala vizuri. Masharti hayo yana sababu. Mwigizaji Matthew Perry, aliyekuwa akipewa ketamini kwa ajili ya sonona, alifariki Oktoba 2023 kwa ketamini aliyoipata nje ya utaratibu wa hospitali, peke yake majini. Wanaoizoea huharibu pia kibofu cha mkojo. Daktari bingwa akikushauri tiba hii, sikiliza. Muuza dawa akikuambia anayo na anaweza kukuletea nyumbani, kataa.

Kwa walioko Marekani bila uraia, kuna jambo ambalo wasimamizi wa vituo huenda wasiliseme. Jimbo linaweza kuruhusu, lakini sheria ya shirikisho bado inaiweka silosaibini miongoni mwa dawa haramu, na mambo ya uhamiaji yako mikononi mwa shirikisho. Kukiri kwamba umeitumia, hata kwa kibali cha jimbo, kunaweza kukuletea matatizo kwenye maombi ya kadi ya kijani au uraia. Ongea na mwanasheria wa uhamiaji kwanza. Na usimtumie mtu nyumbani kwa posta. Tanzania ina sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti na kupambana na dawa za kulevya, Kenya ina yake ya mwaka 1994, na kwenye mipaka yetu hakuna afisa atakayejali kwamba pakiti imetoka Denver kwa nia njema. Wala usiende kuokota uyoga porini kwa kufuata picha za simu. Akina mama wanaochuma uyoga wa masika wanaujua kwa miaka. Hata wao wanajua kuna unaofanana na wa kula na unaoua ini.

Nimesema maneno mengi ya tahadhari, na naogopa usije ukayatumia kumfunga mdomo mgonjwa. Maoni ya umma wa kwetu yana ukali wake. Mtu akisema hana hamu ya kuishi, tunamwambia asali zaidi, au ajikaze, au aache mambo ya kizungu. Swala na maombi yana nafasi yake, na kiongozi wa dini mwenye busara humpeleka mgonjwa kliniki na kuendelea kumwombea. Lakini binti aliyeuliza kuhusu uyoga amefanya jambo gumu: amekiri kwamba anaumia. Ukimjibu kwa kumwita mlevi, mara ya pili hatauliza. Atafanya kimya kimya. Mabadiliko ya maoni tunayoyahitaji Afrika Mashariki ni ya kumsikiliza anayeumia badala ya kumhukumu, na yameanza. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kumfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu kunapingana na katiba. Uamuzi huo utaokoa wagonjwa wengi zaidi ya uyoga wowote, kwa sababu aliyekata tamaa sasa anaweza kufika hospitali bila kuogopa pingu.

Tena ile asilimia 48 niliyokuomba uitazame ina ndugu zake huku kwetu. Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya jaribio la vijiji 30 vya Rakai na Masaka, Uganda. Watu wenye sonona walikutana kwa vikundi kila wiki, kwa wiki 16, wakiongozwa na wenyeji waliofundishwa kwa muda mfupi, wakazungumzia misiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha yao. Mwishoni waliobaki na sonona walikuwa asilimia 6.5, na katika vijiji ambavyo havikupata huduma hiyo, asilimia 54.7. Mwaka 2013 yakatoka matokeo ya Kivu Kusini, kwa wanawake waliobakwa vitani. Waliopata tiba ya mazungumzo ya kikundi, miezi sita baadaye ni asilimia 9 tu waliokuwa bado na dalili za sonona au wasiwasi mkali. Waliopata msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja, asilimia 42. Zimbabwe, chini ya mpango ulioanzishwa na daktari Dixon Chibanda mwaka 2006, akina bibi waliofundishwa hukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, na jaribio la mwaka 2016 lilionyesha wanasaidia kweli.

Yule baba wa Bukavu aliyeko Colorado, kwa mfano, hatakiwi kuchagua kati ya uyoga na kuteseka. Kuna tiba za mazungumzo za kiwewe zilizopimwa kwa watu waliopitia aliyoyapitia yeye, baadhi yao majirani zake wa zamani. Amwombe daktari wake wa kawaida ampeleke kwa mtoa tiba, aombe mkalimani wa Kiswahili asiyekuwa jamaa yake, na avumilie vikao vyote kabla ya kusema haikufaa. Vidonge vya sonona vilevile huchukua wiki nne hadi sita kuonyesha nguvu zake. Wapo wanaosema vimeshindwa baada ya kuvimeza siku kumi tu. Hospitali za Mathari, Mirembe na Butabika, na baadhi ya hospitali za rufaa za mikoa, zina madaktari wa akili. Foleni ni ndefu, nakiri, na dawa huisha. Msindikize, kaeni foleni pamoja.

Kama baada ya hayo yote bado sonona imegoma na anataka kuingia kwenye jaribio halali la hospitali, mpe baraka zako. Majaribio yanahitaji watu, na watu weusi wamekuwa wachache mno ndani yake. Asilipe chochote kuingia, asome fomu ya ridhaa nyumbani kabla ya kutia saini, aulize atapata vikao vingapi baada ya dozi na nani atampokea simu akiamka usiku na hofu.

Na kama ameshaitumia kabla hujajua, na sasa anatetemeka au anaona vitu, kaa naye mahali penye mwanga hafifu na utulivu, ongea taratibu, mkumbushe kwamba ni dawa na itaisha, usimwache peke yake wala usimpe pombe au kidonge kingine. Akipata degedege, joto kali, maumivu ya kifua, akizimia, au akianza kutapika na kuharisha saa kadhaa baada ya kula uyoga wa kuokota, mpeleke hospitali mara moja. Akisema anataka kufa, walioko Marekani wapige 988, walioko Kenya wanaweza kupiga 1199 ya Msalaba Mwekundu, na wengine waende chumba cha dharura kilicho karibu. Mkifika, mwambieni daktari wa zamu ukweli wote: jina la dawa, kiasi alichotumia, saa aliyotumia, na vidonge vingine anavyomeza kila siku. Kama pakiti au kipande cha uyoga kimebaki, nendeni nacho.